Mgeni wa Mama Sabuni

Jumamosi asubuhi fundi wa vitasa alihamia nyumba yake mwenyewe, akitanguliza godoro. Yeye alilishika mbele, mkewe nyuma, godoro limejikunja katikati kama mtu anayeumwa tumbo, na mkokoteni wenye vyombo vingine umeegeshwa kando ya mtaro. Aliufungua mlango kwa ufunguo wake, akausukuma kwa bega, na bila kufikiri akasema:

"Hodi!"

"Karibu, mgeni," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani.

Nyumba ilikuwa tupu. Waliingia, wakaliegemeza godoro ukutani.

"Umepiga hodi?" mkewe akauliza.

"Mazoea."

"Kwako mwenyewe?"

"Nimekwambia ni mazoea."

"Haya. Na kujibiwa umejibiwa," mkewe akasema, akaenda kuangalia kama jikoni maji yanatoka.

Mazoea yalikuwa ya kweli. Tangu ujana wake fundi alikuwa anaingia nyumba za watu: ufunguo umevunjikia ndani, komeo limeshika kutu, mtoto amejifungia chooni. Kila mlango aliosimama mbele yake ulikuwa wa mtu mwingine. Hata nyumba hii aliifahamu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka uliopita mwenye duka la mabati alimwita aje abadilishe kitasa cha mlango wa mbele, mchana, tena haraka. Fundi alipiga hodi, hakuna aliyejibu, akafanya kazi yake. Alipomaliza alisimama sebuleni akatazama dari ya mbao iliyo juu kabisa, madirisha marefu, na sakafu nyekundu iliyosuguliwa miaka mingi mpaka inarudisha sura ya mtu. Kila kona ilinukia sabuni. Mezani palikuwa na kikombe cha chai iliyonywewa nusu, bado inafuka moshi. Fundi hakuuliza. Alikuwa ameshaipenda nyumba, na mtu aliyependa haulizi sana.

Ilipotangazwa kuwa inauzwa, aliuza kiwanja chake cha nje ya mji, akauza na pikipiki, akainunua.

Kusema kweli alimnunulia mama yake. Mama huyo alikuwa mpangaji maisha yake yote. Alilea watoto katika vyumba ambavyo mwenye nyumba akikohoa tu upande wa pili wa ukuta, redio inazimwa. Fundi aliapa akiwa bado mdogo kwamba iko siku mama yake ataingia mlangoni bila kuomba ruhusa ya mtu, atafungulia redio mpaka mtaa wa pili wasikie. Mama angefika Ijumaa.

Jumapili hawakutoka. Jumatatu jioni fundi alirudi kutoka kazini, na mlango ukakataa.

Ufunguo uliingia, ukazunguka, ulimi wa kitasa ukarudi ndani kama inavyotakiwa. Mlango ukabaki pale pale. Fundi akatabasamu, kwa sababu milango ilishamfanyia vitimbi vingi zaidi ya hivyo. Akatoa ule ufunguo unaofungua kila kitasa, ambao mafundi wanauita malaya. Malaya akashindwa. Akafungua skrubu, akakitoa kitasa kizima, akakiweka kwenye ngazi. Mwisho akagonga pini za bawaba, akaung'oa mlango na kuuegemeza ukutani. Nyumba ikawa wazi mbele yake. Akapiga hatua aingie, akajigonga paji la uso.

Pale ulipokuwa mlango palikuwa na hewa tu, na hewa ilikuwa imefungwa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi, na wakati huo alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Fundi!" kinyozi akaita. "Mlango umeung'oa, sasa unangoja nini? Ukaribishwe?"

"Nyoa mtu wako wewe!"

Mkewe akafika na mboga zake. Alitazama mlango ulioegemezwa, akatazama paji la uso la mumewe.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mgeni. Futa miguu."

Akafuta miguu, akaingia. Kutoka jikoni akapaza sauti: "Sema tu, baba! Neno lenyewe halina hata uzito!"

Fundi alisimama pale mpaka taa za barabarani zikawaka. Alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi chake kilikuwa cha halali, amekitolea jasho. Mwishowe akasogea karibu kabisa na hewa ile, akanong'ona: "Hodi."

"Sijasikia," ikasema sauti.

"Hodi!"

Mtaa mzima ulisikia. Mteja wa kinyozi alicheka mpaka mashine ikamkosea.

Siku zilizofuata nyumba iliwatendea kwa heshima zote anazopewa mgeni. Misumari ambayo fundi aliipigilia ukutani ili atundike picha ya mama yake, asubuhi aliikuta mezani, imenyooshwa, imepangwa katika kisahani. Walilala chumbani wakaamka sebuleni, wamefunikwa shuka vizuri. Viatu vyao vilikaa mlangoni kwa mstari, ncha zimeelekea barabarani. Mkewe alizoea upesi. "Naomba kutumia jiko," alikuwa anasema, na jiko linawaka kwa kiberiti kimoja. Fundi hakuomba, akanywa chai baridi.

Jumatano alimpigia simu mwenye duka la mabati.

"Nyumba ina sauti," akamwambia.

"Sauti gani?"

"Ya mwanamke. Inanikaribisha."

"Sasa hapo kosa liko wapi?" mwenye duka akasema. "Mimi nimekuuzia nyumba, ndugu yangu. Sauti sikukuuzia, hiyo umepata bure." Akamtakia siku njema.

Ndipo fundi akavuka barabara kwenda kwa kinyozi.

"Hiyo mbona ni sauti ya Mama Sabuni," kinyozi akasema, anapuliza nywele kwenye kitana. "Aliyekuwa anakaa hapo na mumewe."

"Alikufa lini?"

"Nani, Mama Sabuni? Afe wapi! Aliyekufa ni mume. Yeye amepanga chumba nyuma ya karakana ya matairi. Hata sabuni yangu nanunua kwake."

Kilikuwa chumba kimoja tu, ukuta wake una unyevu mpaka kwenye kiuno cha mtu. Mama Sabuni alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata miche ya sabuni kwa waya. Alikuwa mwembamba, na alikohoa kikohozi kikavu, cha mara mbili mbili, cha mtu aliyeishi na magadi na unyevu ndani ya chumba kisicho na dirisha.

"Hodi," fundi akasema mlangoni.

"Karibu, mgeni." Ilikuwa sauti ile ile. Mama akainua macho. "Hiyo umeipigia hapa au kule?"

"Hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali. Siku hizi sijui tena. Jumatatu nilikuwa kwa daktari, nikasema 'sijasikia', daktari wa watu akarudia maelezo yote tangu mwanzo. Kaa. Ni wewe uliyenunua?"

"Ni mimi."

"Sakafu unaisugua?"

"Mke wangu anasugua."

"Asitumie brashi ngumu."

Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama Sabuni aliendelea kukata, na alisimulia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nyumba tuliipata mume wangu akiwa safarini. Akamtuma mdogo wake akaandikishe, mdogo wake akaandikisha jina lake mwenyewe. Tukacheka. Si ndugu? Tukasema itarekebishwa. Mume wangu akafa haijarekebishwa." Waya ukapita, kipande kikaanguka. "Siku ile shemeji akaniambia nenda dukani kwangu kachukue bati la banda lako la kuku, nakupa tu. Nikasema leo shemeji ana upendo. Nikaacha chai yangu mezani. Narudi na bati kichwani, vyombo viko barazani, mlango una kitasa kipya."

Fundi akaangalia mikono yake.

"Kazi nzuri lakini," Mama Sabuni akasema. "Kimekaa sawasawa, hata rangi haikuchubuka."

"Asante," fundi akasema, kabla hajajizuia.

Waya ukasimama katikati ya sabuni.

"Aa," akasema Mama Sabuni. "Kumbe ni wewe."

"Mimi nilipewa kazi, mama."

"Najua. Na mimi nilipewa bati." Akamalizia kukata.

Kwenye karakana mtu alikuwa anajaza upepo tairi.

"Mama," fundi akasema, "nadhani nyumba haijui kwamba umehama. Hukuaga."

"Ningeagaje? Nilikuwa natoka mara moja. Niliiambia nakuja. Mtu akitoka mara moja si ndivyo anavyosema?"

"Basi njoo uage. Mama yangu anafika Ijumaa. Hajawahi kuingia kwake bila hodi tangu azaliwe. Nakuomba."

Mama Sabuni akakohoa, akafuta waya kwa kitambaa.

"Nitakuja kesho," akasema. "Na mkeo achemshe chai. Ile yangu sikuimaliza."

Alhamisi alasiri alifika amevaa viatu vya kutokea. Fundi alikuwa ameshaurudisha mlango kwenye bawaba zake na amezitia mafuta, na mlango ulifunguka Mama Sabuni akiwa bado ng'ambo, kabla hajavuka barabara. Aliingia bila neno. Alipita chumba kwa chumba, akagusa kuta kwa kiganja kama unavyopima homa ya mtoto. Alizikuta fremu za dirisha zina vumbi, akazisema, na vumbi likaondoka. Jiko liliwaka lenyewe. Mke wa fundi alitaka kumwambia "karibu, mama," lakini mdomoni likatoka "asante, mama," na wote wawili wakaona ni sawa. Mama Sabuni akanywa chai yake mpaka mwisho, akakigeuza kikombe kuangalia chini, akasema sukari ilikuwa kidogo.

Kisha wakasimama mlangoni. Ng'ambo kinyozi akazima mashine.

"Basi, mama," fundi akasema kwa upole kuliko alivyowahi kusema na mtu yeyote. "Aga."

Mama Sabuni aligeuka akaielekea nyumba. Dari ilitoa mlio mdogo wa mbao. Harufu ya sabuni ilikuwa nzito kiasi kwamba macho yaliwasha.

"Haya," akaiambia. "Nakuja."

Akashuka ngazi.

"Mama, hapana! Sema kwaheri! Kwaheri!"

"Wewe ndiye unayeisema, mwanangu," akajibu bila kugeuka, akavuka, akapokea hela ya sabuni kwa kinyozi, akakata kona kuelekea kwenye karakana.

Fundi aliusukuma mlango ufunge. Ukarudi ukabaki nusu wazi, kama unavyoachwa mlango wa mtu aliyekwenda dukani.

Usiku ule mkewe alimuuliza kama amewahi kuwaza kuirudisha nyumba. Fundi alisema amewaza. Alisema kiwanja kimeshauzwa, pikipiki imeshauzwa, na mwenye duka la mabati hatarudisha kitu. Mkewe akasema ndiyo, ni kweli. Wakala chakula. Hawakulizungumza tena, na asubuhi waliamka sebuleni.

Ijumaa mama yake alifika na sanduku moja na redio yake, ameifunga kwa kitambaa. Fundi alimpokea kituoni, na njia nzima alikuwa anatafuta namna ya kumweleza. Hakuipata. Walipofika kwenye ngazi alitaka atangulie, aliseme neno haraka na kwa sauti ya chini, mama asisikie. Lakini mama alishafika mlangoni. Alisimama, akatengeneza mtandio wake, akainamisha kichwa kidogo kama alivyokuwa anafanya kwenye milango yote ya maisha yake.

"Hodi, wenyewe," akasema.

"Karibu, dada," sauti ikajibu. "Futa miguu."

Mama akafuta miguu, wa kulia kisha wa kushoto, akaingia. Alisifu sakafu. Alisifu dari. Alikubali kiti alichopewa, akakaa ukingoni, sanduku lake amelikalisha karibu na mguu. Baada ya chai fundi alimwambia afungulie redio.

"Niifungulie?"

"Fungulia, mama. Mpaka mwisho."

Mama akafungulia. Muziki ukajaa sebuleni, ukapanda mpaka darini, ukatoka nje kwa madirisha marefu, na kinyozi akawa anatikisa kichwa kwa mdundo. Fundi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, anasikiliza. Kwa muda mfupi ilikuwa kama alivyoapa.

Ndipo kikohozi kikasikika ukutani, kikavu, cha mara mbili.

"Mwenye nyumba wenu anaumwa?" mama akauliza.

"Mama, mwenye nyumba ni mimi. Hii nyumba ni yangu."

"Najua, mwanangu," mama akasema, akanyoosha mkono, akapunguza redio.