Macho Mapya ya Malkia

Shemeji alikuwa na gari moja, mashati mawili ya kutokea, na maneno ya kujaza meli. Gari lilikuwa la kifahari enzi zake, yaani enzi ambazo Shemeji mwenyewe bado alikuwa na nywele. Aliliita Malkia. Malkia alitimiza miaka ishirini na mitatu, na taa zake za mbele zilikuwa na ukungu wa njano kama macho ya bibi mwenye mtoto wa jicho.

Asubuhi hiyo Shemeji alimwegesha kwenye gereji ya mdogo wa mkewe, fundi umeme aliyeitwa Mama Waya. Mtoto hana hata wa kuazima. Hilo jina lilimjia pamoja na koleo la kazi.

"Leo saa tisa hoteli wanamkagua," alisema Shemeji akijipiga kifua. "Akipita, nabeba wageni. Dada yako ataacha zamu ya usiku."

Hapo Mama Waya akaweka kikombe chini. Dada yake alifua mashuka ya hospitali mchana, akarudia usiku, hadi vidole vikawa kama vimechemshwa. Miaka miwili alimlisha huyu bwana anayesubiri "kazi ya hadhi yake". Kwa Shemeji, Mama Waya asingenyanyua hata unyusi. Kwa dada, angenyanyua gari.

"Hizi zinataka msasa na dawa ya kung'arisha tu," akasema.

"Msasa!" Shemeji akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Malkia hapakwi poda, mdogo wangu. Nimeagiza mpya mtandaoni. Orijino."

Akafungua boksi kama anafunua mtoto mchanga. Mama Waya akaigeuza taa moja, akatazama alama kwenye kioo, akaguna.

"Shemeji, hizi ni za nchi wanakoendesha upande mwingine wa barabara. Mwanga unapanda kwa anayekuja. Utawapofusha watu."

"Mwanga ni mwanga. Jua nalo lina upande?"

"Jua halikaguliwi."

"Fundi wewe, gari langu. Funga! Hayo makopo ya zamani tupa."

Akafunga. Bwana mkubwa muda wote alikaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, akiwapigia marafiki simu kwamba ameshaajiriwa. Debe tupu, na siku hiyo lilikuwa na salio.

Alipoondoka, Mama Waya aliyatazama yale makopo. Akachukua msasa na maji, akasugua kwa hasira, kila mkwaruzo akitaja jina la Shemeji. Akamalizia na dawa na kitambaa. Saa nane na nusu taa zilikuwa zinang'aa kama glasi ya harusi.

Saa tisa na robo simu ikalia. "Njoo. Haraka." Sauti ya Shemeji ilikuwa imepungua kilo kumi.

Hoteli ilikuwa mtaa wa pili. Alifika na taa ndani ya ndoo, akashuka kwenye maegesho ya chini, yenye giza hata mchana. Malkia alikuwa ameelekezwa ukutani penye mstari mwekundu. Upande wa pembeni ya barabara mwanga umelala. Upande wa anayekuja umekwea hadi kwenye mabomba ya dari.

"Gari hili linamtafuta nani huko juu?" aliuliza mkaguzi, mzee mfupi mwenye miwani.

"Ni fundi wangu huyu, mzee," Shemeji akasema bila kupepesa. "Kakosea. Wanawake na magari, unajua."

Mama Waya alifungua mdomo. Kisha akakumbuka vidole vya dada, akaweka ndoo chini.

"Nipe dakika arobaini, baba."

"Saa kumi nafunga."

Alitumia thelathini na tano kurudisha taa za zamani. Mkaguzi akawasha; mwanga ukatua chini ya mstari mwekundu, mnyoofu kama uzi wa mwashi. Akasaini.

"Umeona?" Shemeji akamwambia mkaguzi. "Mimi siku zote nasema taa za zamani ndizo zenyewe."

Mkaguzi alimtazama Mama Waya, akavua miwani, akaifuta taratibu.

Mama Waya akamkabidhi Shemeji taa zake mpya. "Kamuuzie anayeendesha kinyumenyume." Kisha akampigia dada yake.

"Usiku wa leo usiende. Amepita."

"Mungu wangu! Kaweza peke yake?"

Akamtazama Shemeji, ambaye alikuwa anajipiga picha na bampa.

"Peke yake kabisa, dada. Mimi nilishika ndoo."