Ghorofa ya Nne ya Fundi Lifti

Wiki tatu baada ya kumzika mdogo wake, watu bado walikuwa wakimsifu Mwalimu kwa kujikaza. Yeye hakujikaza popote. Aliamka, akaoga, akafagia, akakaa. Chai aliyoimimina asubuhi aliikuta mezani saa sita, imeweka utando juu. Hakuhisi uchungu wala nafuu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila si wako.

Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Marehemu alikuwa mdogo wake wa pekee, na mtaa mzima ulimwita Kidole, kwa sababu tangu ujana kidole chake kilibonyeza kitufe cha mashine za gemu upesi kuliko macho ya mtu kuona. Aliacha binti mmoja, muuguzi, naye ndiye aliyekuja Alhamisi ile, sare ya kazi bado mwilini.

"Shangazi, kuna mtu alipiga simu ya baba," alisema. "Ana jumba anaonyesha mashine za zamani. Jumamosi wanalinganisha matoleo ya gemu moja linaitwa Fundi Lifti. Alitaka baba aje na wewe. Hakuwa na habari."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Akatoa pole mara tatu. Halafu akasema, basi shangazi yako aje, kama ataweza."

"Sawa."

"Sawa utakwenda, au sawa umesikia?"

"Nitakwenda. Nina kazi gani nyingine?"

Kabla hajawa mwalimu, alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, kampuni moja ndogo ilimwajiri atengeneze gemu za kompyuta za nyumbani, zile zilizosoma programu kutoka kwenye kanda za redio. Siku moja bosi alimwambia: kuna gemu linavuma kwenye ukumbi wa mashine, Fundi Lifti, litengenezee toleo la kompyuta, una wiki nane. Mwalimu akauliza michoro iko wapi. Hakuna. Maelezo? Hakuna. "Ukumbi uko hapo ng'ambo ya barabara," bosi akasema. "Macho si unayo?"

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kucheza. Fundi wa gemu hupanda ghorofa kwa ghorofa akikwepa panya, na wa kwake aliuawa kabla ya kupanda ngazi ya kwanza. Hivyo akamchukua mdogo wake, wakati huo na miaka kumi na saba. Kidole alicheza, dada yake aliketi kando na daftari la mirabaraba, akahesabu. Fundi hupiga hatua sita ngazi hadi ngazi. Panya wa kwanza hugeuka kila baada ya hatua nne. Lifti hushuka polepole kuliko inavyopanda. Yote hayo aliyaandika kwa penseli, mchana kutwa, huku Kidole akipiga kelele, "Dada, umeona? Umeona hapo?"

Jumba la yule mkusanyaji wa mashine za zamani lilikuwa awali duka la samani. Alikuwa mwanamume mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mwalimu. Kidole alikuja hapa mwaka jana, akaniletea kanda ya gemu lenu. Alikaa saa tatu anakusifu wewe."

"Asante," Mwalimu akajibu. Alisikia sauti yake mwenyewe kama tangazo la kituo cha basi.

Mashine tatu zenye Fundi Lifti zilikuwa zimepangwa bega kwa bega. Kushoto ile mashine kubwa ya ukumbini, kabati la mbao refu kuliko mtu. Katikati kifaa cha kuchezea kwenye televisheni, kile cha kuchomeka kaseti nene za plastiki. Kulia kompyuta ndogo na redio yake ya kanda, yenye kazi ya Mwalimu. Watu kama thelathini walisimama wakitazama, na mkusanyaji akaeleza tofauti mojamoja.

Kwenye mashine ya ukumbini, fundi akifa kofia yake nyekundu huanguka, inabiringika hadi chini. Kwenye kifaa cha televisheni rangi zimetulia na muziki ni uleule, lakini kofia haipo, na kifaa humudu panya wawili tu. Akiingia wa tatu, wote huanza kumemeteka kama taa mbovu. Halafu akawasha kompyuta. Kanda ikalia dakika tano nzima, kelele za kukwaruza, mpaka mtu mmoja akaziba masikio. Picha ilipotokea watu waliangua kicheko. Kila mraba mdogo wa kioo ulibeba rangi mbili tu, hivyo fundi akipita mbele ya ngazi ya kijani naye anageuka kijani, kichwa hadi miguu.

"Mbavu zangu mie!" mmoja alisema. "Fundi amekuwa kinyonga!"

Binti akamtazama shangazi yake kwa wasiwasi. Mwalimu alikuwa akitazama kioo. Hakuumia. Hakuona hata haya.

"Lakini angalieni panya," mkusanyaji akasema, akipaza sauti. "Wako wanne, kama ukumbini. Na hatua zao ni zilezile. Nimepima. Hiki cha televisheni kimetengenezwa na watu tisa waliopewa michoro yote, na panya wao wanakosea. Huyu alikuwa peke yake."

Kicheko kikapungua. Mkusanyaji akamgeukia.

"Kuna jambo moja limenitesa miaka, Mwalimu. Ukumbini kuna ghorofa nne. Kwako ziko tatu, kisha mtu anarudishwa ya kwanza. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba nafasi ilikwisha kwenye kompyuta. Nimeifungua programu yako. Nafasi ipo. Umeiacha tupu, inatosha kabisa ghorofa nzima. Kwa nini?"

Mwalimu akageukia ile mashine ya ukumbini.

"Hatukufika," akasema.

"Hamkufika wapi?"

"Ghorofa ya nne. Kidole hakuwahi kuvuka ya tatu. Wiki zote nane. Siku ya mwisho alicheza tangu wanafungua mpaka wanafunga, vidole vimevimba. Sikuweza kuandika nisichokiona, na kutunga sikutaka. Nafasi nikaiacha, nikasema akifika nitaijaza. Kampuni ikafungwa kabla hajafika."

Hakuna aliyecheka. Ndipo kinyozi mmoja mnene, aliyekuwa amesimama nyuma na fulana yenye vumbi la nywele, akajipenyeza mbele.

"Mama, mimi naifika," akasema. "Si kila siku, lakini naifika. Unataka kuiona?"

"Cheza," Mwalimu akasema.

Kinyozi akajifuta viganja kwenye suruali. Ya kwanza aliimaliza bila jasho. Ya pili alipoteza fundi mmoja. Ya tatu alisimama kwa vidole vya miguu, ulimi nje, na watu wakasahau kupumua. Kisha kioo kikawa cheusi, kikafunguka: shimo la lifti lenye giza, nyaya za manjano, panya wakishuka kichwa chini.

Mwalimu alingoja kitu kimpate. Hakikumpata. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafungua mkoba, na binti akamwona anaandika namba nyuma ya bahasha.

"Shangazi?"

"Ngoja. Panya huyu hageuki baada ya hatua nne. Anageuka baada ya tano." Akampiga kinyozi begani. "Baba, usimkwepe huyo. Mwache nimhesabu."

"Nitakufa, mama!"

"Kufa, utaanza tena."

Jumamosi sita mfululizo alirudi, na kinyozi akafunga duka lake mapema kwa ajili yake. Nyumbani Mwalimu aliandika programu kwenye kompyuta aliyoazimwa na mkusanyaji, kwa namna ileile ya zamani. Hakuna siku aliyosema anafurahia kazi. Binti alipouliza, alijibu kwamba kazi inakwenda. Wiki ya tano tu alimkuta amefura kwa hasira: panya mmoja alikuwa akipita ukutani, na kosa halionekani. "Mshenzi sana huyu!" Mwalimu alisema, akipiga meza. Binti akaenda jikoni, akasimama huko kidogo peke yake, akitabasamu.

Kosa lilipatikana. Kanda mpya ikawekwa jumbani, ghorofa zote nne, fundi bado wa kijani. Kinyozi aliicheza wa kwanza, akauawa chini kabisa ya shimo, akalalamika kwamba anaonewa. Watu wachache wamefika hapo tangu siku hiyo.

Ama Mwalimu, alilia miezi miwili baadaye, Jumanne asubuhi, kwenye benchi la daktari wa meno, alikokwenda kukaguliwa tu. Halikuwapo jambo lolote la kumkumbusha. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, na hakujaribu kujizuia. Mzee aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akainuka, akamwachia zamu.

"Pita wewe, mama," akasema. "Mimi langu linauma kidogo tu."

Mwalimu akashukuru, akapita.