Kiondo Kisichofungwa Ukingo

Kanyiva alianza kusuka kiondo kile Jumanne saa nne asubuhi, akiwa ameketi kwenye ngazi za duka la vitambaa katikati ya Nairobi. Alianza na kitako, kama kiondo chochote. Vijana walikuwa wakipita barabarani na bendera na sufuria, wakiandamana na kuimba. Mwanawe Kitavi alikuwa nao, na shati lake la njano. Alimwambia, "Mathe, usitoke hapo, nakuletea chai na mandazi," akacheka, akaenda. Saa tano na nusu Kitavi alipigwa risasi hapo barabarani. Mikono ya Kanyiva haikuwa imeambiwa iache, kwa hiyo ikasuka mizunguko mitatu zaidi.

Kesho yake, aliporudi nyumbani Waithaka kutoka mochari, aliondoa leso iliyofunika kiondo na siku ile yote ikatoka humo kwa sauti. Zilitangulia sufuria, halafu kicheko cha Kitavi, halafu sauti ya mwanamume ikisema, "Piga huyo wa shati ya njano," halafu mlio mmoja. Selpher, jirani yake, alikuwa akichambua sukuma wiki mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii katani yako ni nzuri," akasema. "Usifunge ukingo."

"Nitafungaje?"

Wanawake wanaosuka wanajua. Kiondo kikishafungwa ukingo kinanyamaza, na ndiyo maana vya sokoni havina neno.

Karatasi ya serikali ilisema Kitavi alianguka kwenye ngazi. Kanyiva hakutaka pole wala mchango. Alitaka neno "alianguka" litolewe, liandikwe lililotokea.

Binti mmoja aitwaye Ivyne, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya sauti na kuzionyesha kama wengine wanavyoonyesha picha, alimwomba kiondo akitundike katika nyumba moja ya maonyesho kule Spring Valley. Kanyiva akakubali, watu wasikie. Ila Ivyne hakuzaliwa kwa wasusi. Asubuhi ya maonyesho aliona ncha za katani zinaning'inia ovyo, akafunga tatu ili kiondo kipendeze. Kicheko cha Kitavi kikakatika hapohapo.

"Woi, Mama Kitavi, nisamehe. Nilitaka ikae smati."

"Mwanangu, kaa chini," Kanyiva akasema. Alifungua yale mafundo kwa meno, moja moja, bila haraka. Kicheko kikarudi, lakini kina mafua. Mpaka leo kina mafua.

Wageni walitoka Westlands na gari zao, wakasimama na glasi za juisi, wakasikiliza. Mmoja akachungulia nyuma ya kiondo.

"Spika iko wapi?"

"Hakuna," Ivyne akasema. "Ni kiondo."

"Aa. Sawa."

Habari zikafika mjini. Ofisi ya malalamiko, ghorofa ya nne, ikamwita Kanyiva aje na ushahidi wake. Mkubwa wa pale aliitwa Bwana Lazarus, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Kanyiva aliweka kiondo mezani, akaondoa leso. Walisikiliza wote watatu: yeye, mkubwa na karani.

"Pole sana, mama," Bwana Lazarus akasema. "Lakini hiyo sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Alilisema hilo kwa sauti ileile iliyotoka kiondoni. Karani aliinua macho, kisha akayarudisha kwenye fomu.

"Isitoshe," akaendelea, "hatupokei kitu nusu. Hii kiondo haijaisha. Funga hapo juu, uiache hapa, tuiandikishe, tuitunze kwa stoo."

Kanyiva aliangalia zile ncha. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kisha akatoa katani mfukoni, akaisokota kwenye paja, akaanza mzunguko mpya palepale.

"Mama, unafanya nini?"

"Umesema haijaisha, mkubwa. Naendelea."

"Hapa si soko!"

"Ndiyo. Endelea kuongea tu, hunisumbui."

Bwana Lazarus akamgeukia karani. "Andika alianguka. Faili ifungwe. Huyu mama asirudi hapa."

Karani akaandika. Kanyiva alikaza uzi kwenye neno la mwisho, akafunika kiondo, akaaga vizuri kama mtu aliyelelewa.

Alishuka kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alikwenda mpaka zile ngazi za duka la vitambaa, akaketi mahali pake, akaondoa leso. "Piga huyo wa shati ya njano," ikasema ile sauti, na mzunguko wa juu yake ukasema, "Andika alianguka." Barabara nzima ilisikia, mpaka stendi. Muuza njugu akasema, "Si ni mtu mmoja huyo?" Wenzake wakasema ndiye. Walisimama mpaka mwisho, wengine wakaondoa kofia, kisha kila mtu akaenda kazini.

Karatasi bado inasema Kitavi alianguka. Bwana Lazarus bado ana kalamu zake mbili. Kanyiva, ingawa alikatazwa, huja kila Jumanne saa nne, hupanda ghorofa nne, huuliza swali lilelile, neno "alianguka" litatolewa lini, na jibu lolote analopewa hulisuka. Kiondo sasa kinamfika kifuani akisimama. Juzi mlinzi alimwambia kwamba hakitapita mlangoni.

"Basi panueni mlango," Kanyiva akamwambia, akisokota katani. "Mimi sifungi."