Matuta ya Mtemi Matonya

Mvua ilipokosekana mwaka wa pili, watu walimletea Mtemi Matonya kondoo mweusi wa tambiko la mvua. Akamchinja, akafanya yote waliyofanya baba zake, kisha akaketi mlangoni pa tembe lake, nyumba ya paa la udongo, miguu ikimuuma. Hakuna wingu lililotokea.

Elieza, mwalimu wa misheni ya Mvumi, alimkuta hapo.

"Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba. Kama umekuja kunibatiza, leo nimechoka."

Elieza alikuja na habari aliyoisikia kwa mmisionari. Zamani huko Amerika alikuwapo mtawala mkubwa, Jefferson, aliyependa shamba kuliko baraza. Alijaribu mbegu za nchi za mbali, akabuni jembe la kukokotwa lililopindua udongo kwa wepesi. Mashamba yake ya vilimani yalilimwa kwa matuta yaliyokingama mteremko, maji yasikimbie na udongo.

Matonya aliutazama mteremko wake wa uwele, ulivyochimbika makorongo.

"Alilima mwenyewe?"

Elieza alisita. "Watumwa wake ndio waliolima."

Mama yake Mtemi aliwahi kupitishwa njia ya misafara ya watumwa, kamba shingoni.

"Basi nitachukua matuta yake tu," alisema.

Asubuhi alishika jembe. Askari wa Wadachi, Wajerumani waliotawala nchi, walikuwa wamewachukua vijana kwenda kujenga reli, hivyo alilima na mkewe Zipora na wazee wachache waliomwonea haya. Wengine walinung'unika kwamba mtemi ameacha kazi ya mvua. Jioni mgongo ulikataa kunyooka.

"Pumzika, baba," Zipora alimwambia. "Utaanguka humu shambani."

"Nikipumzika, tutakula nini?"

Mvua zikaja chache. Kwa majirani uwele ulikauka ukiwa bado mchanga. Kwa Matonya ulisimama, masuke mafupi lakini yenye punje. Akida, mtoza kodi wa Wadachi, alipopata habari alikuja na kuchukua sehemu kubwa, chakula cha askari. Mtemi hakubishana, hakuwa na nguvu hizo. Kilichobaki alikigawa kuwa mbegu, akimwonyesha kila aliyepokea namna ya kukinga maji.

Msimu uliofuata baadhi ya familia zilihama. Nyingine zililima matuta. Matonya hakuweza tena kuinama. Alilala nje ya tembe juu ya ngozi, na Zipora aliporudi kutoka shambani alimweleza ni akina nani wamemaliza kulima matuta.

"Vizuri," alisema, akageukia ukuta wa tembe, akasinzia.