Kiti cha Kuazima

Kwenye ngazi ya ishirini na tatu Daktari alisimamisha safari, akafuta viganja kwenye sketi, akageuza shingo kutazama juu. Zilibaki thelathini na saba. Hakuwa daktari wa kweli. Jina hilo walimpa wenzake wa mwaka wa tatu, kwa kuwa hakuna kijidudu kilichowahi kumponyoka chini ya darubini. Miguu yake haikuwahi kusimama tangu utotoni, na chuo hicho cha mafundi wa maabara, kwa hekima zake, kiliweka darubini zote ghorofa ya tatu.

Alipanda kinyumenyume. Anakita mikono ngazi ya juu, anajiinua, anakaa, anaivuta miguu. Siku zote alibebwa mgongoni na kaka yake, fundi mwashi, aliyempandisha kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani na kumrudia jioni. Leo, siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo, mlinzi alimzuia kaka getini. Mtu wa nje marufuku. Kaka alibembeleza, akatoa kitambulisho, akapandisha sauti. Wapi! Wenzake wawili walitaka kumbeba, wakaambiwa kumsaidia mtahiniwa ni udanganyifu. Haya, udanganyifu wa mgongo huo! Geti lilifunguliwa saa mbili na nusu, na mlango wa maabara ungefungwa saa tatu kamili. Aliyefeli vitendo hapewi cheti, wala harudii.

Alikuwa ameandika barua tatu kuomba darubini moja tu iteremshwe chini. Zote zilijibiwa kwamba ombi linafanyiwa kazi. Kazi yenyewe ilionekana wiki iliyopita: mteremko mpya wa saruji, wenye vyuma vya kushikilia, mpaka mlangoni kwa mkuu wa chuo.

Visigino vya viatu vilisikika vikishuka kwa haraka. Alikuwa msajili, mama mnene mwenye manukato na simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali nimekupata! Wageni wameshafika, wale wa ukaguzi wa walemavu. Twende chini mara moja, uwaonyeshe unavyoutumia mteremko wetu."

"Mama, nina mtihani. Mlango unafungwa saa tatu."

"Dakika kumi tu, jamani. Unapigwa picha, unarudi."

"Narudi vipi? Utanibeba?"

Msajili alicheka kama aliyesikia utani mzuri. "Wewe nawe! Chuo kimekusomesha miaka mitatu, leo kinakuomba picha moja unakuwa mgumu. Hivi unajua wangapi wenye hali yako walikataliwa fomu hapa? Mimi ndiye niliyekutetea."

Ni kweli Daktari alitetewa, na tangu siku hiyo alikumbushwa kila alipofungua mdomo. Akashuka kwa macho mpaka chini, kilipobaki kiti chake cha magurudumu. Akatikisa kichwa.

"Siwezi, mama. Nisamehe."

"Basi tunaazima kiti."

"Kichukueni. Ila nakuomba, mpigie msimamizi wa mtihani, mwambie niko njiani. Tafadhali mama yangu."

"Nitamwambia, usijali." Akamruka miguu, akaendelea kushuka huku simu iko sikioni, akimwambia mtu mwingine kwamba kiti kimepatikana.

Mazungumzo hayo yalikula dakika sita. Daktari alipanda kama anayefukuzwa. Ngozi ya kiganja cha kulia ilichunika, akaendelea na ngumi. Alipofika juu alijiburuta ukumbini, akaugonga mlango kwa kiwiko. Ukafunguka nusu. Msimamizi alikuwa mwalimu wake mwenyewe, aliyemfundisha kupaka damu kwenye kioo. Alitazama saa kabla ya kumtazama yeye.

"Saa tatu na dakika nne."

"Mwalimu, msajili hakukupigia?"

"Hakuna aliyenipigia."

"Mwalimu, unanijua. Nimeanza kupanda tangu saa mbili na nusu."

"Ungeanza mapema."

"Geti lilikuwa limefungwa! Mwalimu, niache nikae hata sakafuni, nipe sampuli moja tu, nitaisoma..."

"Sheria ni ya wote, dada. Nikikubeba wewe nitaambiwa napendelea. Andika barua, ipeleke ofisini."

Mlango ukafungwa. Ofisi ilikuwa chini, ngazi sitini. Daktari akalia kwa sauti, bila aibu, pua ikitiririka.

Kelele za makofi zikamfikia kutoka nje. Akajivuta hadi kwenye vyuma vya baraza, akaona uwanja wote. Kitini mwake alikaa dereva wa mkuu wa chuo, miguu imefunikwa shuka, anasukumwa mteremkoni huku wageni wakipiga makofi. Mgeni mmoja akainama kumpa mkono. Kisha mpiga picha akapunga mkono warudie, hakuridhika. Wageni walipogeuka kuingia ofisini, dereva akasimama, akakishusha kiti mwenyewe hadi chini, akakaa tena, akajifunika.

"Kiti changu!" Daktari alipiga kelele. "Mwizi! Huyo anatembea! Jamani, huyo anatembea!"

Mlango wa maabara ulifunguka, safari hii wazi kabisa. Nyuma ya mwalimu zilionekana safu mbili za meza, migongo imeinama, na darubini moja isiyo na mtu.

"Dada," alisema kwa upole, "punguza sauti. Humu ndani kuna watu wanafanya mtihani."