Stelingi na Usukani wa Kisasa

Mtaani walimwita Stelingi, kwa kuwa kila shughuli alijifanya yeye ndiye mkuu wa sinema. Mkewe akilisikia jina hilo alisonya. Stelingi gani huyo, kubadilisha balbu tu anataka apigiwe makofi!

Trekta dogo la kukatia nyasi lilikuwa la mke. Alilirithi kwa baba yake, na kukata nyasi kwenye bustani za watu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kuukuu, lakini linakata. Tatizo usukani: mzito kama kusukuma kabati, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Tangu bega ligome, mume hakuwa na wimbo mwingine.

"Mama watoto, wewe pumzika. Nipe ufunguo, nitaendesha mimi."

Pumzika! Alijua maana yake. Akikabidhi ufunguo leo, kesho ataomba lifti kwenye trekta la babake mwenyewe.

"Nifungie pawa stelingi, usukani uwe mwepesi," alimwambia. "Si unajidai fundi?"

"Nikifunga na bado ukashindwa?"

"Ufunguo wako."

Wiki nzima uani hapakukalika kwa kelele. Mume akafunga pampu pembeni ya injini, akaivalisha mkanda, akaweka silinda ya kusukuma magurudumu aliyoitoa kwenye gari bovu, akapitisha mipira miwili ya mafuta. Mke alipouliza mpira upi unaingia wapi, akajibiwa, "Mambo ya kitaalamu haya." Haya, mtaalamu.

Siku ya kujaribu, mume akamwita dada yake aje ashuhudie. Mke akapanda, akawasha. Usukani ulikuwa mwepesi hadi machozi yakamlengalenga. Akakata kulia. Trekta likaenda kushoto, moja kwa moja kwenye kamba ya nguo.

"Umegeuza mipira!" alifoka, shuka likiwa kichwani.

Mwanamume mzima angeomba radhi. Huyu alimtupia wifi jicho, akakohoa.

"Sijageuza kitu. Za kisasa ndivyo zilivyo. Utazoea. Kama huwezi, basi..." Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Mke akautazama ule mkono kama kitu kilichooza. Akarudisha trekta nyuma, akatoka nalo getini polepole.

Na kweli akazoea. Aliparamia maua ya watu, akajitukana mwenyewe barabara nzima, lakini akazoea, na bega likatulia.

Asubuhi moja, mke akiwa bafuni, Stelingi akachukua ufunguo mezani. Akaondoka kwa mbwembwe, dada yake akimwangalia. Akakata kushoto kulikwepa tangi la maji, akalipasua katikati.

Mke alipotoka alimkuta amelowa chapachapa.

"Niletee spana," alisema kwa sauti ya chini. "Niirudishe ile mipira."

"Mipira ipi? Si ulisema hukugeuza kitu?" Mke akanyoosha mkono, naye akaurudisha ufunguo. "Usiguse, baba watoto. Utazoea."

Akapanda, akazungusha usukani kushoto, akaenda zake kulia, kazini.