Soda ni Soda

Glu. Glu. Gluuu.

Kulikuwa bado giza, na sinki la jikoni lilikuwa likicheua kama mtoto mchanga aliyenyonya akapitiliza. Mama Chiriku alifumbua macho, akasikiliza, akatamani iwe ndoto. Akamtikisa mumewe bega.

"Baba Chiriku. Umesikia?"

"Mmh."

"Siku ya nne unaniambia kesho. Basi leo ndiyo ile kesho. Mkaguzi anakuja saa nne."

Baba Chiriku alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti ya nusu ya mtaa yalipita mikononi mwake, lakini kwake mwenyewe mlango wa choo ulifungwa kwa kamba. Alikaa kitandani, akajikuna kidevu, akasema spana kubwa ya kufungulia bomba la sinki aliiacha kazini. Anaifuata, anarudi sasa hivi. Mkewe aliijua hiyo "sasa hivi". Ilikuwa na uwezo wa kuota ndevu.

Naye hakuwa na muda wa kungoja ndevu. Miezi tisa alikuwa amekwenda masomo ya jioni, mara nyingine na mtoto amelala mapajani huku yeye akiandika, mpaka akapata cheti cha malezi ya watoto wadogo. Majirani watatu, wawili wafanyakazi wa kiwandani na mmoja mwenye duka la dawa, walishamwambia: ukipata kibali tu, mchana watoto wetu ni wako. Kilichobaki ni mkaguzi kuliona jiko. Jiko safi, lenye maji yanayoingia na maji yanayotoka. Akishindwa leo, ukaguzi mwingine ni baada ya miezi sita, na watoto wa watu si nguo za mtumba kwamba watakaa wamekunjwa wakimsubiri.

Kulipopambazuka akaingia jikoni, akamkuta wifi yake ameshamtangulia, miwani puani, simu mkononi.

Huyu wifi, dada mkubwa wa mumewe, alikuja kwa wiki moja kutibiwa jino. Hii ilikuwa wiki ya saba. Jino lilipona, likasahaulika. Mwenye jino akabaki. Mtaani walimwita Daktari wa Dondoo, maana kila dondoo iliyotumwa kwenye kundi lake la akina mama, aliijaribu kabla hata hajanywa chai. Ndimu ndani ya friji. Chumvi ndani ya viatu. Kiazi kibichi kwenye kioo. Maganda ya mayai ndani ya birika, na siku hiyo Baba Chiriku alitafuna chai. Yote kwa nia njema. Na hiyo nia njema ndiyo iliyokuwa ikimmaliza Mama Chiriku, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya ungemfukuza.

"Sinki hilo linataka magadi," wifi alisema bila kuinua macho.

"Wifi, tulishaongea. Siku hizi hatusemi magadi. Magadi ni ya kulainishia maharage. Huu unga mweupe wa kuumulia keki unaitwa soda. Mwalimu wetu alisema soda."

"Eti mwalimu." Wifi akabenua mdomo. Wiki iliyopita alisahihishwa hivyohivyo mbele ya jirani, na jirani akacheka. "Sawa. Sisi tusiokwenda jioni tutajifunza asubuhi."

Mama Chiriku aliuma meno. Cheti kilitakiwa kiwe na kopi, na duka la kutolea kopi lilifunguliwa saa moja na nusu. Akiondoka sasa atawahi. Akafungua daftari la masomo, akasoma kwa sauti kama mwenye haraka: "Sinki likiziba: kikombe cha soda, halafu kikombe cha siki, funika robo saa, mwaga maji ya moto. Nakuomba unifanyie hilo tu, wifi yangu. Usiongeze lako."

"Soda ipi?"

"Jamani! Soda ni soda! Iko kabatini!"

Akambusu Chiriku, ambaye alikuwa na miaka mitano na alipewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, akatoka mbio.

Dukani umeme ulikuwa umekatika. Akasubiri. Umeme uliporudi, mashine ikameza cheti chake ikakataa kukitema, na kijana wa duka akaanza kuipigapiga makofi kama punda. Mpaka cheti kinachomolewa, kimekunjika sikio lakini kizima, ilikuwa imepita saa tatu.

Alipofika nyumbani alipokewa na harufu tamu. Tamu mno. Chiriku alikuwa mlangoni, midomo yake rangi ya chungwa.

"Mama, sinki limekunywa soda! Chupa tatu! Mimi nimekunywa nusu, na shangazi naye kaonja!"

Moyo ulimshuka mpaka kwenye kandambili. Juu ya kabati zilikuwapo chupa nne za soda ya machungwa alizonunua za kumkaribishia mkaguzi. Sasa zilikuwa tupu, zimepangwa mstari pembeni ya sinki kama mashahidi. Ndani ya sinki maji ya rangi ya chungwa yalikuwa yamesimama, yananuka siki na sherehe.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Ulichoniambia. Soda, halafu siki, nikafunika. Siki yote nimemaliza, maana kikombe niliona hakitoshi."

"Soda ya kunywa? Nani anamwaga soda ya kunywa kwenye sinki?"

"Mimi nilikuuliza soda ipi. Ukanijibu soda ni soda. Nikasema, haya, huenda ndiyo elimu." Wifi akavua miwani. "Ningefuata magadi yangu, sasa hivi tungekuwa tunakunywa hizo soda na mkaguzi, tumekunja nne."

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba wifi alikuwa na haki, na hakuna kinachokera asubuhi kama wifi mwenye haki.

Hakupata muda wa kumeza hilo. Dirishani ulikuwa umeingia mstari mweusi, mwembamba, wenye adabu zote: sisimizi. Soda iliyomwagika mezani ilikuwa imewaita, nao wakaitana. Walishuka ukutani, ukuta mweupe aliousugua juzi kwa mikono yake, wakielekea kwenye sukari ya bure.

"Hao niachie," alisema wifi, simu imeshafunguka. "Sisimizi havuki manjano."

"Wifi, usi..."

Alichelewa. Wifi alichota konzi ya bizari ya manjano, akaipaka ukutani kwa kitambaa kibichi, mstari mpana kama wa barabara. Sisimizi wakasimama kweli. Wakashauriana. Kisha wakazunguka kwa chini, wakaendelea na safari yao.

"Ukuta wangu!" Mama Chiriku alishika kichwa. "Ukuta wangu mweupe!"

"Utatoka tu. Manjano si lami."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo. Mama Chiriku akapiga moyo konde. Alikumbuka daftari: doa la chakula, soda kijiko kimoja, maji kidogo, sugua taratibu. Akachukua soda, ile ya unga, ile yenyewe, akaikoroga ikawa uji mzito, akasugua juu ya ule mstari wa manjano.

Ukuta ukawa mwekundu.

Si wekundu wa kusingizia. Wekundu wa damu. Kila alipopitisha kitambaa ulizidi kuiva, ukachuruzika, na matone yakaanguka sakafuni tap, tap, kama kwenye bucha.

"Yallah!" wifi alirudi nyuma. "Umeuchinja!"

"Mimi? Mimi ndiye niliyeuchinja?"

"Mwenye kisu mkononi nani?"

"Kitambaa hiki, wifi! Kitambaa! Wiki saba nasugua nyuma yako! Juzi chumvi kwenye viatu vya mtoto, kaenda shule anatembea kama bata! Jana kiazi kwenye kioo, leo manjano! Nyumba hii si maabara!"

"Na wewe si mwalimu! Kila neno langu unalinyoosha kama nguo! Hata jina la magadi, nililofundishwa na mama yangu, umenipokonya mbele za watu!"

Mama Chiriku alisimama na kitambaa kikidondoka. Hakuwa amefikiria kwamba neno linaweza kumuuma mtu wiki nzima.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni. "Nani amechinjwa humu?"

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene, mwenye viatu vya kutembea sana na faili kwapani. Alimtazama mama mwenye mikono myekundu, akatazama ukuta, akatazama chupa nne tupu, akatazama mstari wa sisimizi waliokuwa wakipita zao. Nyuma yake, akihema, alitokea Baba Chiriku na spana begani.

"Mteja alinikamata njiani," alisema. "Kwani kuna nini? Mbona..."

"Pita chini ya sinki," mkewe alimwambia, "na usiseme neno."

Akapita, akalala chali.

Mama Chiriku alikuwa ameandaa maneno ya kumkaribisha mkaguzi, maneno mazuri, aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Yote yalikimbia. Yaliyobaki ni ukweli, nao ulitoka kwa pumzi moja:

"Sinki limeziba siku ya nne. Nilimwambia wifi yangu atie soda na siki. Yeye aliniuliza soda ipi, mimi kwa kiburi changu nikamjibu soda ni soda, akatia ya machungwa, ambayo ilikuwa yako. Sisimizi wakaja. Akawazuia kwa manjano, mimi nikasugua manjano kwa soda ya unga, na mwalimu hakutuambia kwamba yakikutana yanakuwa mekundu. Hiyo si damu. Kosa la kwanza ni langu. Angesema magadi tukaelewana, nami ningenyamaza, usingekuta haya."

Wifi aliyekuwa amefumbata mikono aliifumbatua polepole.

Mkaguzi akaweka faili mezani, akaiondoa upesi kwa sababu meza ilinata. "Una ndimu?"

"Zimo ndani ya friji," wifi alisema haraka. "Nilizitia mimi."

"Kata moja, paka hapo."

Mama Chiriku akakata, akapaka. Wekundu ukafifia pale pale, ukarudi kuwa manjano, manjano tu ya kawaida, ya kuoshwa kwa sabuni na kuachiwa jua.

"Kumbe!" wifi alinong'ona, akiitafuta simu yake.

"Hiyo usiitume kokote," Mama Chiriku alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Chini ya sinki kitu kiligonga ndoo. Baba Chiriku alitoa mkono, na kiganjani alishika bonge jeusi lililogandamana na mafuta ya baridi. Akalinusa.

"Majani ya chai," alisema. "Nani anamwaga majani ya chai kwenye sinki?"

Wifi alitazama dari.

"Yanaondoa harufu," alisema hatimaye. "Walisema."

Mama Chiriku alikuwa na maneno sita tayari ulimini. Akayameza yote, moja moja, kama vidonge. "Kesho tutayatia kwenye ndoo ya taka, wifi," alisema. "Na magadi tutayaweka kwenye kopo, tuandike jina. Wewe ndiye utakayeandika."

Bomba likakazwa. Mkaguzi mwenyewe akamimina beseni zima. Maji ya machungwa yakazunguka, yakavuta pumzi, yakaondoka, na hayakurudi.

Akatoa kalamu. Aliuliza dawa na sabuni zinahifadhiwa wapi, akaonyeshwa rafu ya juu yenye kufuli. Aliuliza moto ukilipuka, watoto watatokea wapi. Mama Chiriku alijibu bila kufungua daftari. Mkaguzi aliandika, akakata, akaandika tena. Kwa sisimizi aliandika mstari mzima, akasema atarudi baada ya wiki mbili kuwaona kama wameondoka.

"Limebaki la mwisho," alisema. "Wote wanaoishi humu wanakubali nyumba ijae watoto wa watu? Hili ni lazima niulize mmoja mmoja. Bila hilo sisaini."

"Nakubali," ilisema miguu ya Baba Chiriku kutoka chini ya sinki. "Na mlango wa choo nautengeneza leo."

"Leo ipi?" aliuliza mkewe.

"Leo hii hii."

Wifi alikohoa. "Mimi ni mgeni tu," alisema. Wote wakamtazama. "Basi, mgeni wa kukaa. Nakubali. Mikono yangu miwili hii hapa, ya kuosha vyombo na ya kubembeleza."

Mkaguzi akainama, magoti yakimlia, mpaka uso wake ukalingana na wa Chiriku. "Na wewe mwenye nyumba? Wenzako watakuja hapa kila siku. Mama yako atawalisha, atawabeba, atawalaza. Utagawana nao mama?"

Chiriku, aliyekuwa hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno, alinyamaza. Alimtazama mkaguzi. Alimtazama mama yake, mikono ya manjano, cheti kilichokunjika sikio, macho yaliyokuwa yakimsihi na kujizuia yasimsihi. Mama Chiriku angeweza kumkonyeza. Angeweza kumwambia sema ndiyo, mwanangu. Akamwachia mwenyewe. Kalamu ya mkaguzi ilining'inia hewani.

"Nitagawana nao," Chiriku akasema kwa sauti, "lakini usiku ni wangu."